Waliniita Oben

Sisi wa enzi zile, mchezo wa kompyuta haukuwa na picha hata moja. Skrini nyeusi, maandishi ya kijani, basi. Vijana wa leo wana magari ya mbio na bunduki za rangi kwenye simu, na bado wanasema wameboeka! Sisi tulisoma tu: uko pangoni, mbele yako kuna mlango, nyuma yake joka limelalia dhahabu. Unaandika amri kwa Kiingereza, mashine inakujibu. Joka tulilichora wenyewe vichwani, na wallahi langu lilikuwa na shingo ya ngamia.

Kompyuta ilikuwa moja tu shuleni kwetu Garissa, ofisini kwa mwalimu mkuu, palipokuwa na feni. Saa ya mapumziko alituruhusu, tukajazana pale na vumbi la uwanjani miguuni. Wa kubonyeza ni mimi. Nani mwingine? Nilikuwa wa kwanza kwa Kiingereza, na sikumwacha mtu asahau.

Mlango ukakataa kufunguka. Niliandika amri ya kufungua, mashine ikasema haielewi. Nikarudia, wiki baada ya wiki. Mwisho nikatangaza kwamba umefungwa na jini. Rafiki yangu Dubow akausomea Ayatul Kursi, mkono juu ya skrini. Wapi! Nikaapa mbele ya darasa zima kwamba kama mimi nimeshindwa, hakuna binadamu atakayeufungua.

Ndipo akaja Mwende, binti wa nesi aliyehamishiwa kwetu kutoka Mwingi. Akasoma nilichoandika. Hakuwa na ubaya wowote, maskini.

"Si oben," akasema. "Ni open. Weka p."

Akabonyeza. Mlango ukafunguka.

Sisi Wasomali p tunaitamka b, hilo linajulikana, lakini sikujua kwamba hata kuandika nilikuwa naandika hivyo. Walicheka mpaka mwalimu mkuu akaja mbio. Nilitamani ardhi inimeze. Na mnawajua watu wetu kwa majina ya utani: mwenye chongo anaitwa Chongo mchana kweupe. Kabla ya adhuhuri nilikuwa Oben. Hooyo, mama yangu, alinituliza: "Aliyekupa jina anakupenda." Mimi upendo huo sikuuona. Mpaka leo soko la mifugo zima linaniita Oben, na wengi hawajui hata jina lilitoka wapi.

Tangu siku ile nayakwepa maneno. Ofisini kwangu pale sokoni sisemi pesa, nasema fedha. Sisemi pia, nasema vilevile, nayo inatoka filefile, na vijana wa kazini wanainamisha vichwa wakijifanya wanakohoa.

Watoto wa sasa wana raha. Wakikosea, simu inawasahihisha kimya kimya, hakuna anayejua. Hata mimi imenistiri miaka mingi. Juzi binti yangu, aliyekulia Nairobi kwa shangazi yake na Kisomali chake ni cha salamu tu, mimba yake ya kwanza ilitoka. Nikamwandikia: "Pole sana, mwanangu." Herufi zote mahali pake.

Akajibu: "Aabo, usiniandikie. Nataka kusikia sauti yako."

Nikajirekodi. Nikasikiliza: bole. Nikafuta. Nikarekodi tena, nikafuta tena. Mtoto wangu analia Nairobi, na mimi baba yake, mtu mwenye mvi, naona haya kumpa pole.