Kambare wa Sebuleni

Juzi nilikaa katika chumba cha kusubiria cha daktari wa meno hapa Mwanza. Pembeni palikuwa na tangi la kioo lenye samaki wadogo wa rangi, na chini kabisa alilala kambare mwenye sharubu. Dada wa mapokezi alipoona nimemkodolea macho akasema, "Huyo ndiye mpole wao." Nilikuwa nimeshaanza kuwahesabu wale wengine.

Nyumbani kwetu Mabatini tulikuwa na tangi kama lile. Baba alikuwa fundi vioo, na vipande vilivyobaki kwenye madirisha ya watu aliviunganisha kwa gundi mpaka tangi likapatikana, akaliweka sebuleni. Halikuvuja. Tuliweka furu kumi na wanne kutoka kwenye maji ya kina kifupi kati ya mawe ya ziwani, wengine wenye ubavu wa bluu, wengine wekundu mkiani. Juu yake iliwaka taa ndogo, mchana na usiku, kwa sababu baba alipenda wageni walione tangi. Chumba kilinuka dagaa waliosagwa, chakula cha wale furu. Kusaga hao dagaa ilikuwa kazi yangu kabla ya shule.

Samaki wa kumi na tano nilimleta mimi. Jirani yetu alivua sangara kwa ndoano, na chambo chake kilikuwa vitoto vya kambare, hai, ndani ya ndoo. Nilimwomba kimoja, kisichozidi kidole changu. Akacheka sana. "Chambo unakipeleka sebuleni? Haya, kipe na kiti!"

Kosa letu lilianzia hapo, ingawa hata leo naliona lilikuwa na mantiki. Nyumba nzima tulimjua kambare mdogo kama kitu cha kuliwa. Chambo huliwa, hakili. Kwa hiyo alipokua kwa kasi, kutoka urefu wa kidole hadi wa mkono wangu mpaka kiwiko, hakuna aliyeshtuka. Baba alinisifu tu kwamba najua kulisha.

Kisha bibi, mama yake baba, akaja kutoka Sengerema kutibiwa macho. Siku ya kwanza alisimama mbele ya kioo, akatikisa kichwa. "Samaki wa kutazama tu? Basi nisongeeni na ugali wa kutazama."

Haikupita wiki, furu wakaanza kupungua. Nilikuwa mtoto wa kuandika kila kitu. Katika daftari nilichora safu mbili: furu waliopo, na nani ameshinda nyumbani. Siku ambazo bibi alibaki peke yake, furu walipungua. Siku nyingine hawakupungua. Nilimwonyesha mama.

Mama hakumuuliza bibi. Mkamwana anaanzaje kumuuliza mama mkwe wake kama amekula samaki wa watu? Alichofanya ni kufunga sebule kwa ufunguo kila alipotoka. Bibi akawa anashinda uani juu ya kigoda, amejifunika khanga usoni kwa sababu ya jua. Idadi ya furu ikatulia, nami nikaandika hivyo. Siku ya tatu bibi akasema amekumbuka mihogo yake. Baba akamsindikiza kivukoni, matibabu ya macho yakiwa hayajafika hata nusu.

Wiki moja baadaye umeme ulikatika mchana kutwa, na mama alikuwa amefunga mapazia. Niliporudi shuleni niliyafungua nikaona mkia mwekundu ukichezacheza mdomoni mwa kambare. Hapo ndipo nilipokumbuka: bibi aliumizwa macho na mwanga, na kila alipobaki peke yake nilirudi nikakuta amezima ile taa na kuvuta mapazia. Kambare alikuwa akisubiri giza.

Likizo ilipofika, mimi na baba tulivuka kwenda Sengerema na doti ya khanga kutoka kwa mama. Bibi alikuwa akimenya mihogo. Nilimwamkia, kisha nikamweleza habari za kambare, nikidhani nampelekea jambo jipya.

"Kambare anakula wenzake, nani asiyejua?" akasema. "Nilimwona kila siku. Nilidhani ndivyo mnavyomnenepesha."

Akaendelea kumenya. Kisha, bila kuinua uso, "Na ule mlango, mlinifungia kwa nini?"

Baba alinitazama, nami nikatazama chini. "Wezi walizidi mtaani, mama," akasema baba.

"Ee. Wezi," akasema bibi.

Hakulala tena nyumbani kwetu. Akija mjini, alikuja na kivuko cha asubuhi na kurudi na cha alasiri. Sasa hayupo, nyumba yetu imekuwa maduka, na furu wa namna ile wavuvi wenyewe wanasema hawawaoni. Nimelipitia lile daftari mara nyingi kichwani, na kila mstari ulikuwa wa kweli. Lakini lile "ee" lake sijalielewa. Sijui kama bibi alituamini, au alitusitiri.