Baiskeli Kwenye Kilio

Ninaukumbuka mchana mmoja, mwanangu, ambao mpaka leo siwezi kuusimulia bila mwili kunisisimka, ingawa nimeshakuwa bibi na meno yangu mengi yameniaga. Nakusimulia kwa sababu jana nilikuona umesimama langoni na mtoto wako, mmeshika baiskeli mpya, mnaitazama barabara kama watu wanaotazama mto uliofurika. Ulichokuwa unajiuliza nakijua. Hapa Bukavu mtu hupata karibu kila kitu, isipokuwa mahali tambarare ambapo pikipiki, hizi tunazoziita moto, hazipiti mbio.

Mimi pia yalinikuta. Kaka yangu alikuwa akilima mpunga Luberizi, kule bondeni ambako hata bibi kizee huenda sokoni kwa baiskeli. Mwaka mmoja mavuno yalikuwa mazuri, akapanda kuja kwetu Muhumba na gunia la mchele, na juu ya gunia amefunga baiskeli ndogo nyekundu ya binti yangu Furaha. Nilimshukuru, lakini moyoni nilimcheka. Kaka yangu na milima hawajuani. Kwetu, ukitoka tu langoni ni mteremko, na pale chini barabara inaponyooka kidogo ndipo pikipiki na teksi zinapokumbuka kwamba zina haraka. Mtoto wa jirani alikuwa amegongwa hapohapo, mguu ukavunjika.

Basi nikaamua baiskeli ikae sebuleni. Furaha aliipanda humo ndani, bega ameliegemeza ukutani, anazungusha pedali kurudi nyuma huku mimi nakunja nguo. Siku nzima hiyo ndiyo ilikuwa safari yake. Niliumia kumwona hivyo, sikufichi. Lakini nilijiambia kwamba afadhali mtoto anayelilia barabara kuliko mtoto aliyelazwa hospitali, na nani angenibishia?

Kisha akafariki Papa Bahati, mzee jirani yetu, ambaye bomba lake la maji lilikuwa kama la avenue nzima, yaani mtaa wetu wote. Unavijua vilio vyetu. Vijana walikata matawi ya mikaratusi wakayalaza barabarani, upande huu na upande ule, wakaongeza benchi, na tangu hapo hakuna gari wala pikipiki iliyopita. Katikati wakafunga turubai, wakapanga viti, kwaya ikaja. Avenue yote ikawa ua wa nyumba moja.

Nilikuwa nyuma ya nyumba na akina mama wengine, nasonga ugali, niliposikia kengele ya baiskeli. Kengele ile ningeitambua hata usingizini. Nikatoka mbio na mwiko mkononi, na nilichokiona, mwanangu, kilinifanya nitamani ardhi ipasuke inimeze. Pale tambarare, kati ya viti vya waombolezaji na matawi, watoto walikuwa wamejaa na baiskeli zao, wengine wakingoja zamu. Mbele yao wote alikuwa Furaha wangu, amevaa gauni la kanisani, anayumba huku na huku, na wazee waliokuja kulia wanamkwepa.

Papa Murhula, chef wa avenue, yaani mkuu wa mtaa wetu, mtu mrefu mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alikuwa amekwisha kuukamata usukani.

— Hawa ni batoto ya nani? Kilio iko stade ya mupira? Maman Furaha, heshima iko wapi?

Nilianza kumvuta mtoto kwa mkono, naye analia, watu wanaguna, na mimi nawaza kwamba jina langu limekwisha katika mtaa huu. Ghafla kwaya ikanyamaza.

Mjane alikuwa ametoka nje. Kwetu mjane hukaa kwenye mkeka na wanawake wenzake mpaka mume azikwe, hatoki kwenda kutembea barabarani. Lakini Maman Nsimire alitoka, peku, kitenge kimemwanguka begani, akapita polepole katikati ya viti. Watu walisimama, mmoja baada ya mwingine, wengine wakivua kofia. Nikajua tumekwisha.

— Murhula, achilia iyo kinga.

Kinga ndiyo baiskeli, kwa ninyi mliozaliwa mjini mkasahau.

— Maman, tunakuomba pardon. Tunabafukuza sasa hivi.

— Nani alikutuma kubafukuza?

Sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia.

— Bwana yangu iko ndani, amelala. Hakuna moto itamugonga tena. Kwa ajili yake mumefunga barabara, na mumeifunga muzuri, aksanti. Lakini hawa beko bazima. Hawa, nani alisha kubafungia barabara, hata saa moja?

Papa Murhula aliuachia usukani kama umemchoma. Mimi nilikuwa nimeishi kwenye avenue ile tangu niolewe, nimeona matawi yakilazwa kwa ajili ya marehemu wengi, na haikuwahi kunijia kwamba matawi yaleyale yangeweza kulazwa kwa ajili ya mtoto wangu. Nilisimama pale na mwiko wangu, nikajiona mjinga, na pia nikaona woga, ule woga wa mtu aliyefunguliwa mlango uliokuwa mbele yake siku zote.

Maman Nsimire akamwinamia Furaha.

— Unajua kusimama?

Furaha akatikisa kichwa. Angejua wapi? Sebuleni ukuta ndio uliomsimamisha.

— Basi, enda pale mwisho, ukuje kwangu. Ukifika, simama.

Akajiweka katikati ya barabara, mikono ameishusha. Furaha akaisukuma baiskeli mpaka kwenye matawi, akageuka, akapanda. Watu wakaanza kuvuta viti. Wazee waliokuwa wamekaa tena waliinua miguu yao ili njia ipanuke, na njia ikapanuka kweli, kutoka kwenye matawi mpaka miguuni pa mjane. Mtoto akayumba, akanyooka, akaja, na kila alivyozidi kuja alizidi kasi. Nilitaka kupiga kelele, nikaubana mwiko kifuani. Maman Nsimire hakurudi nyuma. Hakuinua hata mkono wa kujikinga. Mume wake yuko ndani hajazikwa, naye amesimama mbele ya mtoto wa mwenzake asiyejua breki, anamtazama machoni. Tangu nizaliwe sijaona mtu aliyesimama vile.

Gurudumu likasimama kwenye pindo la kitenge chake.

Hakuna aliyepiga makofi, haikuwa mahali pake. Lakini nilisikia avenue nzima ikishusha pumzi kwa pamoja, na wanaume wazima walikuwa wanafuta macho, sijui wanamlilia marehemu au wanalilia kitu kingine. Mimi nilililia vyote.

— Muzuri, alisema. Sasa musikie bote. Mukifika penye batu bamekaa, munashuka, munasukuma kinga kwa mikono, munabasalimia. Kisha munapanda tena.

Akarudi ndani kwenye mkeka wake.

Watoto waliendesha mpaka mwili ulipotolewa kwenda kuzikwa. Wakifika kwenye viti wanashuka, jambo papa, jambo maman, kisha wanapanda. Kwaya iliimba, nasi tukagawa chakula. Nilishikwa na kitu ambacho hata kanisani sikipati kila Jumapili, na sikuwa peke yangu, kwa maana watu walizungumza kwa sauti ya chini siku ile, hata wale wasiojua kunong'ona.

Baada ya mazishi matawi yakaondolewa, pikipiki zikarudi. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilimkuta Papa Murhula na suti yake akiburuta tawi barabarani, jasho linamtoka. Hakunitazama. Alilaza tawi upande mmoja, akaweka kiti chake upande wa pili, akakaa. Madereva walimtukana, naye katika kujibu matusi hakuwahi kuhitaji msaada. Baadaye akina baba wakawa wanapokezana. Kuna miezi ambayo matawi hayakulazwa, unajua mwenyewe mji huu umepitia nini. Lakini kila mara kuna mtu aliyeyarudisha.

Kwa hiyo, mwanangu, usipoteze siku zako ukitafuta mahali pasipo na watu. Bukavu hakuna, na hata pangekuwepo, mtoto anayejifunza mbali na watu hajui kupita kati yao. Nenda kwa majirani. Gonga lango moja baada ya jingine, waombe saa moja tu, na kaa wewe mwenyewe kwenye tawi la kwanza. Mfundishe mtoto kusimama kabla ya kumfundisha kukimbia, na kushuka penye wazee na wachuuzi. Na tafadhali, usingoje mpaka mtu afe ndipo barabara ifungwe.

Mungu amlinde mtoto wako kwenye kila mteremko wa mji huu. Awape majirani zako moyo wa kuinua miguu ili apite. Na siku atakapokujia kwa kasi, akukute umesimama.