Hakuna anayekubali kwamba anasoma

Leo mwalimu wa hesabu karibu aniondoe kwenye mashindano ya miradi.

Nilipima uhusiano kati ya saa za kusoma, kama wenzangu walivyonitajia, na alama za mtihani darasani kwetu. Nukta zikatapakaa ovyo kwenye grafu. Uhusiano haupo.

"Salma, aliyeongoza darasa hasomi kabisa?" akauliza mwalimu.

Huyo ni Rukia, jirani yangu wa Kibokoni. Nikamvuta kando.

"Shoga, ukitaja saa zako utatiwa kijicho," akaninong'oneza. "Sote tumepunguza."

Nimepewa hadi Jumatatu nikusanye takwimu upya.

Wenzangu, tafadhalini, nitumieni saa za kweli. Majina sitayaandika.

Naanza mimi: saa tatu kila jioni.

Semeni mashaallah.