Picha Moja ya Leparua

Siku hiyo niliifunga asubuhi studio yangu ya picha pale Wabera, mjini Isiolo, kwa ajili ya picha moja tu. Mama Halima na wenzake, Waborana wa Kiwanjani, huwapikia wageni chai ya maziwa ya ngamia. Walikuwa wameungana na kikundi cha Mama Naisula, Wamaasai wenye kambi ya mahema kule Leparua. Mfuko wa kutangaza utalii ulikubali kuwagharamia, mradi tangazo liwe la pamoja, picha iwe moja, na ifike kabla ya siku kuisha. Wakichelewa, nafasi inakwenda kwa wengine. Kambi ilikuwa imekaa miezi bila mgeni, kwa hiyo halikuwa jambo la mchezo.

Kiwanjani nilimkuta Mama Halima kando ya gari la Probox tulilokodi, amekumbatia mtungi wake wa maziwa.

"Salaam aleikum, Mwenda! Leo wacha miraa ya kwenu Meru, shika kamera na mikono mbili."

"Aleikum salaam, Mama. Mimi hata sitafuni."

"Mmeru hatafuni? Basi ngamia yangu pia haina shingo!"

Njiani vumbi lilituingia hadi kwenye meno. Nimezaliwa Isiolo, lakini barabara ile sikuwahi kuipita. Nilikodolea macho vilima na migunga kama mtoto aliyepelekwa sokoni mara ya kwanza. Mama Halima yeye alikuwa akipanga picha. "Mimi nitakaa mbele. Chai ndio huleta watu."

Leparua, Mama Naisula alitupokea kwa furaha, shanga zikimlia shingoni. "Habari, mpiga picha! Nimeshapanga kila kitu. Sisi tutakaa mbele, sababu kambi iko kwetu."

Hapo nikajua tumepatikana.

Mchana wote niliwapanga na kuwapangua. Halima akiwa mbele, Naisula ananuna. Naisula akiwa mbele, Halima anaangalia mtungi wake. Nikiwaweka sawa, wanaonekana kama watu walioitwa kwa chifu kwa kesi ya mpaka. Nani angesafiri kuja kuona sura zile? Jua lilianza kuinama, njaa ikaniuma, hasira zikanipanda. Niliiacha kamera juu ya stendi, nikaenda nikaketi juu ya jiwe, juani.

"Wui!" Mama Naisula akashika kichwa. "Mgeni amekaa kwa jiwe!"

"Na tangu afike hajaonja kitu," akasema Mama Halima. "Haki tumejiaibisha."

Mambo yakageuka. Mmoja alikimbilia kigoda, mwingine akakimbilia moto. Naisula alinivuta kivulini, Halima akanitilia chai, nzito, yenye harufu ya moshi. Wakaanza kubishana upya, safari hii nani hajanishibisha. Kikombe kikiwa mdomoni, nikaona: picha ndiyo hii!

Niliruka nikaitega kamera ipige yenyewe, nikakimbia kurudi, nikajikwaa, chai ikanimwagikia shatini. Wanawake wakaangua kicheko, mmoja amenishika mkono huku, mwingine kule. Kamera ikalia.

Hakuna aliyeuliza nani yuko mbele. Mbele nilikuwa mimi.

Jioni tulirudi mjini mbio, nikaituma picha jua likizama. Simu ya mfuko ilipokuja kusema imekubaliwa, Mama Halima alipiga vigelegele hadi mbwa wa Kiwanjani wakajibu. Mimi machozi yalinilenga, sifichi.

Siku hizi tangazo limebandikwa hadi mlangoni pa studio yangu. Nilidhani wenyeji ndio wanaotangazwa, kumbe mwenyeji haonekani vizuri mpaka awe na mgeni. Na mteja wa kwanza wa kambi hakutoka ng'ambo. Ni jirani yangu wa duka la pili hapa Wabera, aliyesimama akaitazama ile picha, akacheka shati langu, akauliza, "Kwani Leparua ni mbali?"

Nikamwambia Jumamosi nitampeleka mwenyewe. Kamera nitaiacha.