Ukuta wa Zambarau

Ofisini walimwita Mama Pacha, hata wale ambao hawajawahi kuwaona hao pacha. Alikuwa mchoraji wa ramani za majengo tangu enzi za kalamu ya wino na meza iliyoinama, na mkono wake ulikuwa umenyooka kiasi kwamba Mhandisi, bosi wao, alizoea kuwaambia wageni, "Huyu akipiga mstari, hata rula inaona haya." Kisha kompyuta zikaja, meza zikasukumwa pembeni zikawa za kuwekea vikombe, na Mama Pacha akaanza upya ukubwani.

Akajifunza. Lakini alichora kwenye kioo cha kompyuta kama alivyochora kwenye karatasi, kitu kimoja baada ya kingine, na kufuta alifuta vivyo hivyo. Siku moja Mhandisi akataka karatasi safi ya zahanati iliyokuwa inajengwa nje kidogo ya mji. Alitaka kuta, milango na madirisha tu, bila samani, maana mafundi walikuwa wakilalamika kuwa vitanda vinawaziba macho. Mama Pacha akaanza. Anabonyeza kitanda, anafuta. Anabonyeza kiti, anafuta. Jirani yake wa meza, mchoraji mwenye maneno mengi waliyemwita Miwani, akavumilia mpaka akashindwa.

"Mama, unachambua mchele?"

"Sasa nifanyeje?"

"Samani zote si umezichora kwa zambarau? Basi iambie mashine ikukusanyie kila chenye rangi hiyo. Hapa unachagua sifa. Rangi. Zambarau. Haya, bonyeza."

Akabonyeza. Vitanda, viti, makabati na mabenchi ya jengo zima vikawaka kwa mpigo, kama mtaa uliorudishiwa umeme. Mama Pacha akashika kifua. Akafuta, vikatoweka vyote. Kazi aliyoitengea asubuhi nzima ikaisha chai yake ingali ya moto.

"Na hii mlikuwa mnaificha wapi siku zote?"

"Hujawahi kuuliza."

Karatasi ikachapwa. Mhandisi akaipitia juu juu akatia saini, kwa kuwa kazi ya Mama Pacha hakuwa na mazoea ya kuitilia shaka, ikapelekwa kwa mafundi.

Jengo lilikuwa limeshafika usawa wa madirisha pale simu ya mezani ilipolia. Alikuwa msimamizi wa mafundi, mtu ambaye siku zote aliongea kama anamwita mwenzake aliye ng'ambo ya barabara.

"Dada, nauliza tu. Chumba cha sindano na ukumbi wa kusubiria, mmeviunganisha?"

"Nani aviunganishe? Pale katikati kuna ukuta."

"Kwenye karatasi hakuna."

"Upo."

"Dada, karatasi ninayo mkononi."

Mama Pacha akafungua mchoro kwenye kompyuta. Ukuta haukuwepo. Akasogeza karibu, akarudisha mbali, akazima kompyuta akaiwasha tena. Pale palikuwa peupe kama hapajawahi kuwa na kitu. Na ukuta ule alikuwa anaukumbuka! Alikumbuka hata siku aliyouchora. Au lilikuwa jengo jingine? Juzi tu alikuwa amesahau sufuria jikoni hadi maharagwe yakawa makaa, na mumewe akacheka. Sasa akajiuliza kama lile lilikuwa jambo la kuchekwa.

"Miwani," aliita polepole, "hivi mtu anaweza kuchora ukuta kichwani tu?"

Miwani akavuta kiti, akatafuta nakala ya zamani ya mchoro, akaifungua. Ukuta huo hapo, mzima. Akaubonyeza, na pembeni zikajipanga sifa zake. Rangi: zambarau.

"Kuta zangu zote ni bluu," alisema Mama Pacha.

"Huu si bluu."

Mama Pacha akakodoa macho. Kwenye kioo chake kilichochoka, bluu na zambarau zilikuwa kitu kile kile. Kumbe siku ile alikuwa anachora makabati, akaendelea na ukuta bila kubadilisha rangi, na wala hakuona.

"Lakini ni ukuta," alisema. "Una unene wa ukuta. Uko mahali pa ukuta. Mashine yenyewe haioni?"

"Haijui ukuta ni nini, mama."

"Na kitanda je?"

"Wala kitanda. Inajua mstari una rangi gani, unene gani, na uko kwenye leya ipi." Leya, alimkumbusha, ni kama karatasi angavu zilizolaliana, moja ya kuta, moja ya milango, moja ya samani. "Ukitaja rangi peke yake inakuzolea kila chenye rangi hiyo. Taja viwili: zambarau, na kiwe kwenye leya ya samani. Jaribu."

Akajaribu kwenye nakala ile. Samani zikawaka, ukuta ukabaki. Akashusha pumzi. Kisha akaona kitanda kimoja nacho hakijawaka.

"Na hiki kimekosa nini?"

"Hicho umekiweka kwenye leya ya milango."

"Kitanda? Kwenye milango?"

Lililobaki kwa Mama Pacha lilikuwa kwenda kwa Mhandisi na kumwambia, naye akamsikiliza hadi mwisho, akachukua ufunguo wa gari. "Twende tukaone."

Walimkuta muuguzi mkuu wa zahanati amesimama katikati ya vumbi, pale pale ukuta ulipotakiwa kuwa, mikono kiunoni, anatabasamu.

"Nani aliyetoa wazo hili?" aliuliza. "Kule tuliko sasa, mgonjwa anaanguka kwenye benchi mimi niko nyuma ya ukuta nachanganya dawa, sina habari. Hapa nitamwona. Mtanitundikia pazia la kuchomea sindano, basi."

"Halikuwa wazo," alisema Mama Pacha. "Nilifuta kwa bahati mbaya. Ulikuwa na rangi ya makabati."

Muuguzi akacheka hadi akapangusa machozi. "Rangi ya makabati! Haya, dada, kama hutaki kusema, kaa na siri yako."

Mama Pacha akamgeukia Mhandisi amsaidie. Mhandisi alikuwa anatazama juu, anapima kwa macho. "Ukuta ule haubebi kitu," alisema. "Basi tusiujenge."

Jioni mumewe alimsikiliza huku anamenya viazi.

"Kwa hiyo umesifiwa au umegombezwa?"

"Nimesifiwa."

"Mbona umenuna?"

"Sijanuna. Nimesifiwa kwa jambo ambalo sikulifanya. Au nililifanya. Baba Pacha, hata sielewi."

"Zahanati imekuwa mbaya?"

"Imekuwa nzuri."

Mumewe akamwangalia, akaangalia kiazi, akaendelea kumenya.

Kesho yake Mhandisi alimwagiza aweke pazia kwenye mchoro mkuu na auondoe ukuta rasmi, safari hii kwa kukusudia. Akafungua nakala ya zamani, ambayo sasa ndiyo mchoro mkuu, akaubonyeza ukuta. Badala ya kuufuta, kwanza akabadilisha rangi yake ikawa bluu. Akahakikisha uko kwenye leya ya kuta. Ndipo akaufuta.

"Mama," alisema Miwani, aliyekuwa anachungulia, "kitu unakifuta, rangi ya nini?"

Mama Pacha akafikiri, mkono ungali juu ya kipanya.

"Usiniulize," alisema.