Safari ya Kulifuata Bomba la Okoth

Ujumbe wa Okoth ulinikuta nikisahihisha mitihani ya kufunga muhula. Ulikuwa mfupi: "Nafunga gereji. Bomba yako bado iko hapa. Kuja uchukue ama nipeleke kwa watu wa chuma chakavu." Hatukuwa tumezungumza kwa miaka tisa, ukiacha salamu tuliyopeana siku ya mazishi ya mama yangu. Niliusoma mara mbili, kisha nikamwambia mke wangu Moraa kwamba Jumamosi tunakwenda Migori.

Mimi na Okoth tulikulia Uriri. Yeye akaenda Migori kujifunza kuchomelea vyuma, mimi nikasomea ualimu. Nilipoanza kazi, wenzangu walinunua mashamba. Mimi nikanunua gari jekundu la Kijapani, la milango miwili, la chini, lenye turbo, gari la mbio ambalo halikuwa na faida yoyote kwa mwalimu wa kemia. Okoth alilipenda kuliko mimi. Alilitengenezea bomba la moshi kwa mikono yake, akipima, akikata, akichomelea na kuanza tena, hadi likatoa sauti nzito na ya chini, kama mtu anayeimba amefumba mdomo. Jumapili tulikuwa tukilipeleka Homa Bay kula samaki. Mama yangu akilisikia kwenye njia panda ya Uriri, alikuwa anateleka chai kabla hajaliona.

Baadaye nilihamia Nakuru, nikaanza kusikiliza vijana wanaoshindana kwa kelele. Gereji moja ya huko ikalikata bomba la Okoth, ikaweka jingine pana mno, lenye mdomo unaong'aa, ikaongeza msukumo wa turbo na kubadilisha mipangilio ya kompyuta ya injini. Lile la zamani nililifunga kwa gunia nikamtumia Okoth kwa basi, na kikaratasi: "Labda utapata kazi nayo." Nilidhani namfanyia hisani. Hakujibu.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka Nakuru kwa gari lilelile jekundu. Hadi Kericho anga ilikuwa safi. Moraa alikuwa akinitania kwamba hakuna mwanamume mwingine ambaye angesafiri nusu ya nchi kwa ajili ya kipande cha chuma. Sotik ikatupokea kwa mvua, tukafunga madirisha. Bomba lilinguruma nyuma yetu hivi kwamba tulizungumza kwa kupaaza sauti, na tulipofika Kisii tulikuwa tumenyamaza. Moraa alisema kichwa kinamuuma. Changu pia kilikuwa kinagonga, lakini nililaumu kona za barabara.

Rongo tulipita Moraa akiwa amesinzia. Tulipokaribia Uriri nilimwita, akajibu maneno yasiyoeleweka. Nikamwita tena kwa jina la mtoto wetu: "Mama Atieno!" Kichwa chake kikaegemea kioo.

Saa saba mchana, Uriri. Nilisimamisha gari mbele ya soko, nikafungua mlango, naye akatapika miguuni pangu. Mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi vitamu aliacha biashara yake, akatusaidia kumketisha barazani penye upepo.

"Ana malaria?" aliniuliza.

"Sijui, mama. Alitoka nyumbani akiwa mzima."

"Wewe mwenyewe macho yako imekuwa mekundu. Mmekula nini?"

Tulikuwa tumekula mkate uleule na kunywa chai ileile. Baada ya nusu saa ya hewa safi Moraa aliweza kushika kikombe cha maji, na maumivu yangu yakaanza kupungua. Hapo ndipo nilipoelewa. Kila mwaka mimi husimama mbele ya wanafunzi nikiwaambia kwamba kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, kwamba humlaza mtu kabla hajajua anakufa. Nilikuwa nimemfungia mke wangu ndani yake tangu Sotik.

Nilimpigia Okoth, nikamweleza yaliyotupata. Nilitarajia anisute.

"Bibi anaongea?" aliuliza.

"Anaongea."

"Asirudi kwa hiyo gari. Mweke kwa gari ya abiria, dirisha wazi. Mimi nitawangoja hapa steji ya magari, Migori."

Nikafuata nyuma peke yangu, madirisha yote yakiwa wazi, nikilowa.

Migori tulimkuta Okoth amesimama na shati jeupe na tai, Biblia kwapani. Nilikuwa nimesahau kwamba yeye ni Msabato, na Jumamosi ni siku yake ya ibada. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi. Hakunipa mkono, alimshika Moraa bega, akasema, "Shemeji, pole. Twende hospitali kwanza." Alikaa nasi wakati Moraa akiwekewa oksijeni, saa nzima na zaidi, akimsimulia kwa sauti ya chini visa vya ujana wetu ambavyo ningependa avisahau. Moraa alicheka chini ya kile kibarakoa cha plastiki. Nilitoka nje nikajifanya napiga simu, kwa sababu machozi yalikuwa karibu.

Daktari alipomruhusu, nilimwomba Okoth alitazame gari.

"Leo sifungui gereji, omera, ndugu yangu. Unajua. Na wewe huendi popote na hiyo kitu. Mtalala kwangu."

Jumapili asubuhi alivaa ovaroli. Gereji yake ilikuwa karibu tupu, zana zikiwa kwenye masanduku. Ukutani, kwenye misumari miwili, lilining'inia bomba langu, limepakwa oili lisishike kutu.

Alipandisha gari kwa jeki, akaweka stendi, akamwomba Moraa, aliyekuwa amepata nguvu, awashe injini kwa dakika moja tu akiwa ameacha mlango wazi. Okoth akaziba mdomo wa bomba kwa tambara zito, kisha akainamisha sikio. Pale kati, chini ya gia, tukasikia mlio kama wa birika linalochemka. Akapaka maji ya sabuni kwenye kiungo, mapovu yakafura.

"Ona. Bomba ni nzito, na wameining'iniza na raba mbili tu. Kila shimo ya barabara inapiga hapa. Gasketi ya kuziba kiungo imeungua, chuma imepasuka. Na hapa juu," akagusa sakafu ya gari, "raba ya kuziba tundu ya gia imeoza. Moshi ilikuwa inapanda moja kwa moja kwa shemeji."

"Kule Nakuru waliniambia halihitaji kukaguliwa."

"Ekzosi ni ya kukagua kila mara unabadilisha oili. Unaangalia raba, unaangalia viungo, unasikiza." Akachukua spana. "Lakini wewe ulitaka kelele. Kelele inaficha kila kitu."

Nikamwambia basi, hapo chini ya gari, mgongo ukiwa kwenye gunia, kwamba kile kikaratasi kilikuwa cha kipumbavu, nikamwomba anisamehe. Hakuniangalia. Alikuwa akifungua nati iliyoshika kutu.

"Unajua hiyo sauti ilitoka wapi?" akasema mwishowe. "Ya kwanza niliyotengeneza ilikuwa kubwa, ukaipenda. Mama yako akakuja hapa Migori na miguu yake. Akaniambia, Okoth, fanya nijue ni mtoto wangu kabla hajafika, lakini usinishtulie ng'ombe. Nikarudia kazi. Akasema nisikwambie, utaona haya."

Nilibaki nikitazama chuma juu ya uso wangu. Mama alikuwa ameniambia mara moja tu, baada ya bomba la Nakuru, kwamba alidhani ni lori la miwa limepotea njia. Nilicheka siku hiyo.

Okoth aliliondoa bomba la Nakuru, akalirudisha lile la ukutani, akachomelea kipande kipya cha kunyumbulika ili mtikiso usipasue tena, akaweka gasketi mpya, raba nne za kuning'iniza, na raba ya gia. Tukarudia jaribio la tambara. Kimya. Maji ya sabuni hayakutoa povu hata moja.

Alasiri tulielekea Homa Bay, kwa sababu injini ilikuwa bado imepangiwa bomba pana, na binti yake Okoth, Achieng', anafanya kazi ya kompyuta za magari huko. Okoth aliendesha, Moraa mbele, mimi nimekunjwa kiti cha nyuma kisichofaa mtu mzima. Baada ya Rodi Kopany barabara ilianza kuteremka, na ziwa likaonekana kati ya vilima. Okoth akashusha kioo. Sauti ilikuwa ileile ya zamani. Nilijiona nina miaka ishirini na saba, na chai iko motoni mahali fulani.

Achieng' aliunganisha kompyuta yake chini ya dashibodi, akatikisa kichwa. "Uncle, hii turbo walikuwa wameisukuma vibaya. Ningeiacha hivi ingekula injini. Nairudisha kwa mipangilio ya kiwandani?"

"Irudishe," nilisema.

"Utapoteza nguvu."

"Irudishe tu."

Jumatatu asubuhi tulianza kurudi. Okoth alibaki Homa Bay, na ndiyo sababu alikuwa anafunga gereji: macho hayamruhusu tena kuchomelea kutwa, na Achieng' anahitaji mtu wa kusikiliza magari wakati yeye anayasoma kwenye skrini. Nilitaka kumshukuru vizuri, nikashindwa kupata maneno, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili.

Nilichojifunza si kikubwa. Nilikuwa nimehesabu nguvu, msukumo na upana, na sikuwahi kumuuliza aliyelitengeneza kwa nini alilifanya vile. Jibu lilikuwepo miaka yote, saa chache kutoka nyumbani kwangu, na mama yangu alikuwa ndani yake.

Tulikuwa tumefika Rodi Kopany simu ilipolia. Moraa akaiweka kwenye spika.

"Nimewasikiliza mpaka mkapotea kwa kilima," Okoth alisema. "Bomba iko sawa. Lakini wewe, gia ya tatu unaivuta sana. Badilisha mapema. Umebeba mtu."