Simu Ilipozimwa

Tasnifu yangu ya uzamili ilihusu upangaji wa zamu za walezi wa wazee hapa Birmingham, Uingereza. Msimamizi wangu alipendekeza takwimu za kampuni inayowaajiri. Mimi nikachagua mahojiano, maana walezi wenyewe nasali nao.

Jumapili moja baada ya ibada nilimfuata mama mmoja Mkenya, mlezi, nyumbani kwake mtaa wa Stechford. Tuliomba, nikawasha simu irekodi. Kila nilichouliza alikijibu kama anayetoa ushuhuda kanisani: kazi ni nzuri, anamshukuru Mungu.

Nilipozima simu, alivua viatu. Miguu ilikuwa imevimba.

“Juzi nimemkuta mzee ninayemlea amekufa kitandani,” akasema. “Ofisi wakanipigia kuuliza mbona nachelewa kwa mzee anayefuata. Lakini hiyo usiandike, mwanangu. Viza yangu wameishika wao.”

Sikuandika. Kitabu cha mbinu za utafiti kinasema mhojiwa akizoea atafunguka. Aliyekiandika hajawahi kuomba viza.

Wengine nao walimshukuru Mungu vilevile, basi nikarudi kwenye takwimu. Siku ile mzee alipokutwa amekufa nimeiona humo. Imeandikwa kwamba mlezi alichelewa.